Damu Kituoni

Wengi wakisimulia tulivyoutetea msitu wa Karura, Nairobi, huanzia kwenye mawe na mijeledi. Mimi kilichonikaa rohoni ni kituo cha polisi.

Ilikuwa Ijumaa, Januari 8, 1999. Kenya ilikuwa imerejea mfumo wa vyama vingi tangu 1991, na mara mbili tulikuwa tumepanga foleni kupiga kura. Mwezi mmoja kabla, Desemba 9, Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha Azimio juu ya Watetezi wa Haki za Binadamu. Ofisi zake za Nairobi ziko Gigiri, zimepakana na msitu wenyewe. Sisi kina mama wa vitalu vya miche hatukuwa na habari ya azimio lolote. Tulichojua ni kwamba msitu wa umma, kama hekta 1,000, ulikuwa unamegwa na kugawiwa watu waliojuana na wakubwa.

Tulikwenda na kiongozi wetu, Profesa Wangari Maathai, tukiwa na miche, majembe na maji. Wabunge sita wa upinzani walikuwepo, waandishi wa habari, hata wageni Wajerumani. Langoni tukakuta vijana wa kukodiwa wametuziba njia. Basi tukaanza kuchimba shimo pale pale nje. Mche mmoja tu! Wakatuvamia kwa rungu na mawe. Profesa akapasuliwa kichwa, wabunge wanne wakaumia, nasi wengine tukatawanyika kila mtu na lake.

Kituoni Profesa aliomba askari warudi naye msituni kuwakamata waliompiga, nao wangali huko. Walikataa. Wakamletea karatasi aandikishe malalamiko, naye akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Kuna waliosema alijionyesha. Wacha waseme, mtu anayevuja damu mbele ya askari aliyeketi ana haki ya kuacha ushahidi usioweza kufutwa na mtu.

Kilichotuokoa ni kamera. Picha zilizunguka dunia nzima usiku ule, Kofi Annan akalaani, wanafunzi wa vyuo wakamiminika barabarani na kutwangwa na polisi (wale wale waliokosa nafasi ya kwenda Karura). Agosti 16 Rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki.

Kwa hiyo nikiambiwa demokrasia humlinda mtetezi wa mazingira, huuliza: yupi? Profesa alijulikana hadi ng'ambo. Julai 2021, Joannah Stutchbury, aliyeutetea msitu wa Kiambu dhidi ya wanyakuzi, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake. Alikuwa ameshatishiwa maisha miaka kadhaa kabla. Rais wa wakati huo alilaani mauaji hayo haraka, na vyema. Lakini vitisho vile vilikuja mapema. Ningependa kujua ni askari gani alipangiwa zamu ya kumlinda, na kama hakuna aliyepangiwa, nani aliamua hivyo.