Kwenda Meru na Altezza ya zamani

Kila Desemba ikikaribia, nyumba nyingi za Dar es Salaam huwa na ubishi uleule. Mama anataka familia ipande basi kwenda Arusha, au ikodi Noah ili watoto wajinyooshe. Baba anatazama uani ilipoegeshwa Altezza aliyoinunua kabla hajaoa, anauliza kuna haja gani ya kukodi wakati gari lipo. Watoto wako upande wa baba, bila hata kusikiliza hoja.

Mama ana sababu. Altezza, kama Impreza yenye turbo na baadhi ya Mark II, ilitengenezwa kwa mtu anayependa kuendesha, na mizigo na usingizi wa watoto vilifikiriwa baadaye. Iliuzwa Japani kati ya 1998 na 2005. Ile ya RS200 yenye gia sita za mkono ilitoa nguvu za farasi 210 kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo. Leo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imetimiza miaka 20, na mpira wa miaka 20 ni mpira uliochoka, hata kama rangi ya bodi bado inang'aa.

Kwa hiyo safari huanzia gereji, wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia siku yenyewe. Fundi aangalie mipira ya rejeta, feni, breki na taimingi belti. Belti hiyo kwa injini ya RS200, na pia kwa Impreza ya miaka hiyo, hubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000. Na kwa gari la mtumba, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si za kuapia. Kama hakuna anayejua ilibadilishwa lini, ibadilishwe. Tairi nazo zina umri wake ubavuni: tarakimu nne zikisomeka 2318, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata nzuri haimaanishi tairi ni changa.

Halafu kuna kiti cha nyuma. Magari mengi ya enzi hizo hayana vibanio maalumu vya viti vya watoto, hivyo kiti cha mtoto hufungwa kwa mkanda wa gari, na lazima kijaribiwe nyumbani kama hakichezi. Mtoto kupakatwa mbele ni desturi ya wengi, lakini gari likipiga breki ya ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika.

Njia yenyewe ni zaidi ya kilomita 600. Wanaoondoka alfajiri kupitia Bagamoyo hadi Msata hukwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Wami, Mkata, Kabuku, kisha Segera, ambapo wa Tanga hukata kulia. Korogwe kuna mashamba ya mkonge, na Mombo watoto washushwe, wale, wakimbie kidogo. Dakika 40 za Mombo huokoa kichefuchefu cha baadaye.

Baada ya hapo ndipo penye mtihani. Hedaru, Makanya hadi Same, barabara inanyooka, milima ya Upare iko kulia, kushoto ni nyika. Gari lililosumbuka mwaka mzima kwenye foleni za Mwenge linaanza kuimba. Na nyuma kuna sauti: "Baba, lipite hilo basi!" Hapo dereva wa miaka 25 aliyenunua gari na baba wa sasa wanagombea usukani mmoja. Barabara ni ya njia mbili tu, semitrela zinakuja, mbuzi na ng'ombe wanavuka bila taarifa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. 120 si 60 mara mbili. Nguvu ya gari kama hili ina faida yake: huovateki lori haraka na kurudi upande wake. Lakini ni pale tu mbele panapoonekana pote.

Kwenye makazi kikomo ni 50, na tochi za trafiki hujificha vizuri kuliko zinavyodhaniwa. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Makosa matatu njiani ni chakula cha familia nzima.

Kuanzia Himo na Moshi kwenda Arusha baba anaweza kulalamika kwamba gari limezembea. Si ubovu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Cha kutazama ni mshale wa joto. Ukipanda, zima kiyoyozi, egesha pembeni, na kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi injini ipoe.

Ukipita Boma Ng'ombe, Meru inasimama mbele. Ni mlima wa pili kwa urefu nchini, zaidi ya mita 4,500, na watoto wengi wa Dar huudhania Kilimanjaro mpaka waelekezwe kutazama nyuma. Usa River kuna matuta, na Altezza iliyoshushwa springi itakwaruza tumbo mbele ya watu. Tengeru kuna Ziwa Duluti, lililo ndani ya kreta, na gari dogo linafika karibu. Hapo Tengeru pia yapo makaburi ya wakimbizi wa Poland waliohifadhiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kijana wa sekondari atakuwa na maswali. Kwa Hifadhi ya Arusha, yenye twiga na mbega, ni heri kukodi gari la juu kwa siku moja.

Mjini, Mnara wa Saa husemwa kuwa ni katikati ya Cairo na Cape Town. Babu akiwepo, aulizwe kuhusu Peugeot 404. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda East African Safari kwa gari hilo la milango minne, ambalo wazee wengi walilijua kama gari la familia.

Siku ya kurudi, buti litajaa ndizi na viazi, na uzito huo unataka upepo wa tairi uongezwe kidogo. Barabara sasa inashuka kuelekea baharini na gari linapata mwendo bila kuombwa. Mama akae mbele, palipo na mshale wa spidi.