Mwimbo wa Mwuza Karanga

Mwaka 1958 kaka yetu mkubwa, aliyekuwa utingo wa lori, alirudi Butembo kutoka Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, akiwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sahani tatu za santuri. Tulikaa upande wa mto Kimemi. Jioni ile majirani walijaa uani hata kuku wakakosa njia ya kuingia bandani.

Sahani moja ilikuwa na herufi GV. Sahani za namna hiyo zilitolewa na kampuni ya Kiingereza tangu mwaka 1933 ili ziuzwe Afrika, na nyingi zilikuwa na nyimbo za kisiwa cha Kuba. Ya kwanza kabisa ilikuwa “El Manisero”, mwimbo wa Moisés Simons, uliopigwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu, mwimbaji akiwa Antonio Machín. Ndio huo aliotuletea kaka yetu. Maneno yake ni ya Kihispania. Mtaani petu hapakuwa na mtu aliyejua hata neno moja, lakini miguu haikungoja tafsiri. Wala hatukuwa peke yetu: huko Léopoldville wanamuziki walijifunza mapigo hayo, na wengine wakaimba maneno yenye sauti ya Kihispania, ambayo Mhispania mwenyewe asingeyatambua. Wala si ajabu mapigo yalitukaa mwilini upesi, kwani wengi waliochukuliwa utumwani mpaka Kuba walitoka katika nchi za Kongo.

Baba yetu alikuwa katekista. Alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akasema, “Maneno yasiyojulikana yaweza kuwa matusi. Zima.”

Kaka akajibu kwa upole, lakini alijibu: “Baba, je, ‘Kyrie eleison’ waumini wote wanaijua maana yake?”

Lilikuwa neno zito kwa mtoto kumwambia mzazi mbele ya watu. (Miaka michache baadaye Kanisa lenyewe liliruhusu Misa kwa lugha za watu, na mwaka 1964 Ariel Ramírez wa Argentina akatunga Misa nzima kwa Kihispania. Lakini usiku ule hatukuyajua hayo.) Baba akanyosha mkono aiondoe sahani, kaka akaushika upande mwingine. Santuri za siku zile zilivunjika kama chungu. Tulisikia mlio mmoja tu, kisha majirani wakaanza kuagana mmoja mmoja.

Kesho yake kaka alihamia kwa mjomba. Miezi minne hakukanyaga kwetu, wala baba hakulitaja jina lake, hata katika sala za jioni alipowaombea watoto wake. Sisi wadogo tulihesabu majina, tukaona moja limepungua.

Mama peke yake alisema neno moja, akiwa anachambua karanga zake za sokoni: “Yule mtu wa sahani anauza kitu. Sikilizeni anavyoivuta sauti mwishoni. Ndivyo tunavyoita wanunuzi.” Tulicheka. Mama hakupata kusoma hata darasa moja; angejuaje Kihispania?

Ikatokea akapita misioni padri mgeni aliyepata kukaa Hispania. Baba, ambaye kumbe jambo lile halikumpa usingizi, alimwendea akamwuliza jina la mwimbo lina maana gani. Sisi tulikuwa tumebeba mkoba wake. Padri akacheka, akasema: “Ni mwuza karanga. Anapita njiani anawaita wateja, naye karanga zake huzitia katika karatasi iliyokunjwa kama pembe.”

Baba alinyamaza njia nzima. Karatasi zilizokunjwa kama pembe zilikuwa zimejaa nyumbani kwetu; kila Jumamosi alimkunjia mama kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipofika hakusema habari za padri. Aliketi, akakunja pembe moja kubwa kuliko zote, akaijaza karanga za kukaanga, akampa mama. “Mpelekee yule kijana kwa kaka yako. Mwambie giza likiingia mapema lori huwa hatari, na hapa kitanda chake kipo.”

Kaka alikuja usiku uleule. Pembe ya karatasi ilikuwa tupu, lakini hakuwa ameitupa. Baba akamkaribisha mezani, wakazungumza habari za barabara ya Beni na bei ya mafuta. Vipande viwili vya sahani mama alikuwa amevificha chini ya kapu lake. Aliviweka mezani kati yao, akarudi jikoni, na kutoka huko tukamsikia akiuimba mwimbo ule bila maneno, akiivuta sauti mwishoni.