Baiskeli katika Bonde la Lambwe

Kisiwa cha Remba hakina gari hata moja. Nyumba za mabati zimesongamana juu ya mwamba, na vichochoro vyake havipitishi watu wawili sambamba, seuze baiskeli. Huko ndiko alikolelewa binti yangu, kwa kuwa baba yake ni mchuuzi wa samaki. Akatimiza miaka 12 akijua kupiga kasia na hajapata kukanyaga pedali.

Likizo iliyopita tulivuka kwa boti hadi Mbita, kisha tukaenda kwa jamaa zetu Bonde la Lambwe. Zamani bonde hili liliogopwa kwa ajili ya mbung'o. Leo njia za changarawe hupita karibu na Hifadhi ya Ruma, makao ya korongo, mnyama wa jamii ya swala asiyepatikana penginepo nchini Kenya. Tulitoka kila siku baada ya Sala ya Alfajiri, kabla ya bodaboda kuamka.

Mavyaa wangu, aliyeko Malindi, akapiga simu. "Mwanangu, mtoto wa kike na baiskeli, wapi na wapi?"

Sikumbishia. Nilimweleza kwamba binti amevaa suruali pana chini ya dera, na pindo tumelifunga kwa mpira lisinaswe na mnyororo. Njia haina malori, wala vijana wa kumtupia maneno. Kwangu mimi, hilo la maneno lilikuwa zito kuliko malori.

Akanyamaza kitambo. "Breki zinashika?"

Zilikuwa zikishika. Asubuhi iliyofuata binti aliteremka peke yake hadi mtoni, akanisubiri huko.