Mashua Iliyokaa Juu Muda Mrefu Lazima Ivuje



Kwenye kazi yangu ya kushona nguo za harusi, wateja si wasichana peke yao. Wapo wajane waliomaliza eda zamani, na wapo walioachika wakalea watoto wenyewe miaka mingi, kisha Allah akawafungulia mlango tena. Hao ndio hunipigia simu wiki mbili baada ya harusi wakilia: "Dada, mambo hayaendi. Naona bora nirudi nyumbani." Huwa nawajibu kwa habari ya mashua ya marehemu baba yetu. Leo nimeona niiandike, kila mwenye haja nayo aisome.

Baba alipofariki, mashua yake ilipandishwa juu pwani ya Nungwi, ikakaa chini ya makuti karibu miaka miwili mpaka mirathi ilipokwisha. Kodi ya ile mashua ndiyo ilikuwa tegemeo la mama. Jua liliikausha mbao zikasinyaa, kati ya ubao na ubao ukucha unapita. Nikatoa akiba yangu ya cherehani, tukamwita fundi wa vyombo. Akang'oa pamba kuukuu yote, akakalafati upya kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, akiishindilia kwa patasi na nyundo ya mti. Chini akapaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Bamvua lilipofika tukaishua, vijana wakisukuma na watu wakimsalia Mtume.

Alfajiri maji yalikuwa yamejaa ndani, yamefunika mataruma. Ami yangu akasema hii iuzwe kuni. Mama alikaa kimya na tasbihi yake mkononi. Mimi nikawa nahesabu magauni mangapi nitashona mpaka zile pesa zirudi.

Fundi wala hakushtuka. Akaniambia, "Mwanangu, mbao hizi zina kiu. Ziache zinywe. Nyinyi fueni maji tu, asubuhi na jioni, na usiku awepo wa kuilinda."

Maana yake ni hivi. Ubao ukikauka husinyaa, ukilowa hufura. Ukishafura, unaibana ile pamba na mwanya unajifunga wenyewe. Sisi washonaji tunalijua jambo hili kwa upande wa pili: kitambaa cha pamba tunakiloweka kabla ya kukata, kiruke kwanza, kisije kikaruka kwenye mwili wa mtu. Nikamuuliza fundi kwa nini basi asingeshindilia pamba nyingi zaidi tangu mwanzo. Akasema ukijaza mno kwenye ubao mkavu, siku ukifura hauna pa kwenda. Utasukumana na mwenzake mpaka misumari iachie.

Siku ya nne maji yalipungua sana, ila hayakukatika. Hapo ndipo fundi alipoanza kutafuta. Akakausha ndani kwa matambara, akanyunyiza jivu, akakaa kutazama jivu linalowa wapi. Akapata pahala pawili: msumari mmoja ulioliwa na kutu, na kipande cha ubao karibu na mkuku kilichooza kwa maji ya mvua yaliyotuama ndani. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Maji yalipokupwa, mashua ikalazwa ubavu, akakata kile kipande, akatia kipya, na msumari mpya aliouzungushia pamba. Kwa kuoza hakusema "ngoja zinywe".

Dada yangu uliyeolewa tena baada ya kukaa peke yako, wewe na mumeo ni mbao zilizokauka. Yeye anapenda chakula kikali, wewe una presha hutaki chumvi. Umezoea kulala taa imezimwa, yeye anasoma Qur'ani mpaka usiku mkubwa. Wanawe wanakutazama kama mgeni. Huko ni kuvuja kwa ukavu. Usikimbie, na usishindilie kila kitu kwa wiki moja. Fua maji kila siku: lililokuuma leo liseme leo, kwa upole, lisilale ndani likaongezeka.

Lakini ikiwa anakupiga, anakutukana mbele ya watoto, au ana uwezo na anakunyima matumizi, huko ni kuoza. Kuoza hakutibiwi kwa kuambiwa subiri. Ita wazee wa pande mbili, na wakishindwa nenda kwa kadhi. Subira tuliyofundishwa si kukaa ndani ya chombo kinachozama.

Nasi jamaa tuna wajibu. Imo katika Sahihi Bukhari hadithi aliyoipokea Nu'man bin Bashir, radhi za Allah ziwe juu yake, Mtume (S.A.W.) akitupigia mfano wa watu waliopiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Kwa hiyo shoga yako akikwambia anapigwa, usimjibu "ndoa ndivyo zilivyo" ukageuka upande.

Mashua yetu inafanya kazi, alhamdulillah, na mama anapata kodi yake. Bado inaingiza maji kidogo, nahodha huyafua kila asubuhi kwa kopo. Chombo cha mbao ndivyo kilivyo, hata kikiwa kizima kabisa.

Allah awatie maharusi wetu mapenzi na huruma, awape macho ya kutambua ukavu na kuoza, na awape watu wa kuwashika mkono. Amin.