Nane kwa Kumi

Mteja alikuwa Nairobi, mimi niko Likoni, kwenye meza ya kulia ya mamangu, ambako nilirudi baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Alitaka jedwali: kampuni ishirini, kila moja na alama yake kwa kumi, ipi iko hatarini kudukuliwa na ipi imejifunga vizuri. Programu zao ni za zamani au mpya? Wamewahi kuvamiwa? Hela haikuwa mbaya.

Shida ilianza nilipofika Naivas. Aprili 2023 walitoka wenyewe wakatangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mifumo yao na kuiba data. Kwa hesabu ya jedwali, hapo toa alama. Na kampuni iliyovamiwa ikanyamaza? Safi kabisa. Yaani nilikuwa napima nani anajua kufunga mdomo.

Nikageukia faini. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliwatoza watatu. Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, Sh2,975,000 kwa kutisha watu kupitia namba walizozipata kwa wengine. Klabu ya Casa Vera, Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Roma School ya Uthiru, Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ndiyo iliyotozwa zaidi, wallahi. Na hapo hakuna aliyedukuliwa. Jedwali langu halikuwa na safu ya hayo.

Kwenye orodha kulikuwa na programu moja ya mikopo ninayoijua. Nilikopa kwao elfu tatu, muhula wangu wa mwisho. Nilipochelewa kulipa, wakapigia marafiki, wakapigia mwalimu wangu, halafu usiku mmoja wakampigia mamangu, wakamwambia amezaa mwizi. Nilimwambia hao ni matapeli wa jela, wanapiga namba yoyote tu.

Safu zao zote zilikuwa safi. Hawajawahi kuvunjiwa. Mlango niliufungua mimi mwenyewe siku niliyobonyeza "Ruhusu" waone namba zote za simu yangu. Nilikuwa nimewapa nane.

Mama alikuwa akimenya viazi vya karai, nikimweleza kazi yangu ya kupima nani ni hatari.

"Na wale wa jela," akauliza, "umewapa ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Kisu kikasimama.

"Zilikuwa ngapi?"

"Elfu tatu."

"Elfu tatu," akasema. "Na mimi niko hapa hapa nauza viazi."

Akaendelea kumenya. Usiku ule nikafuta nane, nikaandika mbili, nikatuma. Asubuhi faili likarudi na swali moja la mteja: hii mbili umeitoa safu gani?