Kopo la Utafiti Karibu na Chetezo



Kila tunayempaka hina hapa Mtoni huliuliza lile kopo lililowekwa karibu na chetezo. Limeandikwa "Utafiti wa saratani ya watoto". Wengine hutia, wengine hucheka: jamani, hina na utafiti wapi na wapi? Shoga yetu mmoja alitwambia wazi kwamba mtoto amelala hospitali, mama yake hana nauli ya boti, na sisi tunachangia watu wa maabara.

Swali lake ni la haki. Nusu ya kopo huwa ni nauli na chakula cha akina mama wanaouguza watoto Dar es Salaam. Hii nusu ya pili ndiyo tunayotaka kuieleza.

Mwenzetu mmoja katika kazi hii alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Uvimbe ulianzia kwenye taya. Aling'olewa jino, uvimbe ukaendelea. Nauli tulichanga, damu tulitoa, dua zilisomwa. Kilichokosekana ni jibu. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kilipelekwa kupimwa, na majibu yalipofika, khitma ya mtoto ilikuwa imeshasomwa.

Majibu yalisema limfoma ya Burkitt. Jina ni la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala na kuandika habari za ugonjwa huu mwaka 1958, baada ya kuona watoto wengi waliovimba mataya. Kwa hiyo ni ugonjwa wa huku kwetu, umejulikana kwa watoto wa huku. Hukua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Lakini pia husikia dawa mno, na watoto wengi hupona wakiwahi. Sasa hesabuni wenyewe wiki za kusubiri karatasi.

Watafiti wa Tanzania na Uganda, pamoja na wenzao wa Oxford, wamekuwa wakichunguza kama damu kidogo tu ya mtoto inaweza kuutambulisha ugonjwa huu mapema, bila kungojea kinyama. Huo ndio utafiti tunaoukusudia. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Watoto ni walewale.

Halafu itazameni dawa yenyewe. Vinkristini, wanayopewa watoto wenye saratani ya damu na limfoma, imetoka kwenye kijiua cha Madagaska, cha rangi ya waridi au cheupe, petali tano, kinachoota hata mchangani. Wengi wetu tunacho uani. (Msikichemshe, tafadhali! Ni sumu.) Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Kuitafuta ametuachia sisi, na anayeitafuta naye anahitaji umeme, vifaa na mshahara. Elimu inayonufaisha imetajwa pamoja na sadaka yenye kuendelea. Kwa nini sisi tuchangie visima na misikiti peke yake?

Mama wa yule mtoto amerudi kazini. Daftari la kopo analiandika yeye, na anayetaka kuliona aliombe tu.

Na kwa kuwa harusini picha hazikosekani: mtoto akipigwa picha kwa fleshi na mboni ya jicho moja ikatoka nyeupe, nyingine nyekundu, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa si kitu. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho, na hiyo ikiwahiwa hutibika. Uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua siku hadi siku nao msiungojee.