Safari za Mwisho wa Juma: Kutoka Maskati hadi Gongoni



Tulipokuwa tukiishi Maskati, nchini Oman, siku zetu za kazi zilifanana kama punje za tasbihi. Alfajiri tulikwenda msikitini, kisha watoto wakapanda basi la shule. Mchana jua lilitufungia ndani, na jioni tukasomesha Qur'ani watoto wa majirani. Mapumziko yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, kwani ndivyo ilivyopangwa nchini humo tangu mwaka 2013.

Siku hizo mbili hatukukaa nyumbani. Mama watoto alipika mahamri usiku, akatia chai ya tangawizi chupani, na baada ya swala ya alfajiri tukashika njia. Tulikwenda Nizwa, yapata kilomita 160, kutazama mnada wa mifugo wa asubuhi ya Ijumaa. Tulisimama Qalhat mbele ya kaburi la Bibi Maryam, lililosalia katika magofu ya mji wa kale, tukaikumbuka Gede na nguzo ya kaburi ya kwetu Mambrui. Watoto walifurahi, nasi tukamshukuru Mola.

Jumamosi moja tulifika Sur, mji wa waundaji majahazi, yapata kilomita 200 kutoka Maskati. Tukawa twatazama Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa hapo mwaka 1951 na sasa limewekwa nchi kavu. Mzee mmoja alitusikia tukisema na watoto, akatusalimu kwa Kiswahili safi. Alikuwa baharia ujanani mwake.

"Nyinyi watu wa wapi?"

"Gongoni, mzee wetu. Mbele ya Mambrui, kwenye mashamba ya chumvi."

"Mama yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillah."

"Mmeonana naye lini?"

Tulinyamaza kidogo, kisha tukajibu kwamba huo ulikuwa mwaka wa nne.

Hakutukemea. Alisema tu: "Sisi tulikwenda na kaskazi, tukarudi na kusi. Kila mwaka mama zetu walituona."

Maneno yale tulirudi nayo njia nzima. Jahazi lilikesha baharini majuma kadhaa, na bado baharia alirudi kwa mamake kila mwaka. Ndege hutufikisha Nairobi kwa saa tano hivi, nasi miaka minne twatuma fedha na salamu za simu. Usiku ule tulihesabu safari zetu: Nizwa mara tatu, Sur mara mbili, Gongoni hata moja. Nauli haikuwa udhuru, kwani mafuta ya gari na vyakula vya njiani vilikuwa vimekula sehemu kubwa yake.

Likizo iliyofuata tulikuja Gongoni. Mwisho wa juma wa kwanza tulimuuliza mama angependa kwenda wapi. Alisema Malindi, kwa dadake. Tukapita vilima vyeupe vya chumvi, tukapita Mambrui, hata tukafika daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kwa udongo. Mama, aliyekuwa kimya, akasema: "Nikidhani siku nitakayovuka mto huu tena nitakuwa nimebebwa."

Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.

Ndugu zetu, na hasa akina mama mnaolea watoto ughaibuni, hatusemi kutembea ni kosa. Kutazama ardhi ya Mwenyezi Mungu ni mazingatio. Lakini kuunga udugu kuna haki ya kutangulia. Nanyi mlio karibu jihesabieni pia: Mombasa hadi Malindi ni yapata kilomita 120 tu. Anayeweza kusafiri na aende. Aliyefungwa na kazi au mkataba na aanze kuweka akiba ya nauli leo, na apige simu asiyokuwa na haraka ya kuikata.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.